Binti wa Mji wa Matairi

Aliyekulia Arusha miaka ya 1970 na 1980 haelezwi General Tyre ni nini. Matairi ya kiwanda kile yalitembea nchi nzima chini ya malori, matrekta na mabasi ya abiria, na mpaka leo wapo wazee wanaolitaja jina hilo kama mtu anavyomtaja jirani aliyehama. Lakini jina halikuzaliwa Arusha. Lilitoka Akron, mji wa jimbo la Ohio, kaskazini mwa Marekani, ambako kampuni ya General Tire ilianzishwa mwaka 1915 jirani na Goodyear, Firestone na Goodrich. Akron ilijiita makao makuu ya mpira duniani, na hayakuwa majigambo matupu. Firestone ya Akron ndiyo iliyokodishwa ekari milioni moja za ardhi ya Liberia mwaka 1926, kwa muda wa miaka 99. Hivyo Mwafrika na Akron wanajuana siku nyingi, ila ni kujuana kwa mgema na mnywaji. Mmoja anagema, mwingine anakunywa, na ni nadra wakae mkeka mmoja.

Katika mji huo ulionuka mpira mchana na usiku alizaliwa Rita Frances Dove, tarehe 28 Agosti 1952.

Baba yake, Ray Dove, alikuwa msomi wa kemia mwenye shahada ya uzamili. Alipoomba kazi Goodyear, wenzake wa darasani waliokuwa Wazungu walipewa maabara, yeye akapewa lifti. Akawa anawapandisha na kuwashusha watu aliosoma nao, huku amevaa sare. Miaka ilipita kabla kampuni haijamfungulia mlango wa maabara, na akawa mmoja wa wakemia weusi wa kwanza katika viwanda vya matairi vya Marekani. Nyumbani hakupenda kulisimulia jambo hilo. Watoto walichokiona ni rafu za vitabu na ruhusa ya kusoma chochote kilichomo. Binti alijifunza kupiga sello akiwa na miaka 10, na alipokuwa shule ya msingi alitunga hadithi ndefu ya maroboti yanayoutwaa ulimwengu, akaijenga kwa maneno ya zoezi la tahajia la kila wiki: orodha moja, sura moja. Sielewi ni kwa nini wanaomwandikia wasifu huipita hadithi hiyo haraka. Mtoto anayeweza kutii orodha ya mwalimu na bado akasema la kwake amekwisha kujifunza nusu ya kazi ya mtunzi wa mashairi ya arudhi.

Alipokuwa sekondari, mwalimu wake wa Kiingereza alimchukua siku moja kwenda kumwona John Ciardi, mshairi na mfasiri wa Dante, akitia saini vitabu vyake. Hapo ndipo msichana alipotambua kwamba washairi ni watu walio hai, wanaovaa koti na kusimama foleni kama watu wengine. Mwaka 1970 alihesabiwa miongoni mwa wanafunzi 100 bora wa nchi nzima, akaalikwa Ikulu ya Washington. Wazazi walimtazamia awe mwanasheria. Kumbe yeye alikuwa amekwisha kuamua. Alipomwambia baba yake kwamba anataka kuwa mshairi, mzee alimjibu kwamba yeye ushairi hajawahi kuuelewa, basi binti asije akakasirika akimwona hausomi. Jibu la mkemia hilo, na kwa maoni yangu ni baraka kubwa kuliko nyingi zinazotolewa kwa machozi.

Sasa tusimame kwenye mwaka 1974, kwa sababu mwaka huo Kiswahili kinaingia katika habari hii kwa miguu yake.

Juni ya mwaka huo Dar es Salaam iliupokea Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika, na miongoni mwa wageni walikuwamo Wamarekani Weusi wengi, akiwemo mshairi na mwandishi wa tamthilia Amiri Baraka. Baraka huyo alizaliwa LeRoi Jones. Jina lake jipya lilitoka kwenye vuguvugu la miaka ya 1960 lililokigeuza Kiswahili kuwa lugha ya utambulisho wa watu ambao mababu zao, kwa sehemu kubwa, walitolewa pwani ya magharibi ya Afrika na hawakuwahi kukisikia. Mwaka 1966 Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa kule California, akaipa nguzo saba zenye majina ya Kiswahili: Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba na Imani. Huko Chicago, mshairi Don L. Lee, mmoja wa waasisi wa shirika la uchapishaji la Third World Press mwaka 1967, aliliacha jina lake mwaka huohuo wa 1974, akajiita Haki Madhubuti. Msomaji wa Mombasa au Kigoma akiliona jina hilo kwenye jalada atadhani ni kauli mbiu ya wakala wa uchaguzi. Kumbe ni mtu.

Washairi hao walikuwa na msimamo mmoja mkali: shairi la mtu mweusi ni silaha, liwe la watu weusi, lizungumze nao, liwatumikie. Walitunga kwa lugha ya mtaani, wakasoma makanisani na kwenye baa, wakauza vijitabu vya bei ndogo kwa maelfu. Hakuna haja ya kuwadharau. Waliwapa ushairi watu ambao vyuo vikuu viliwafungia mlango.

Na mwaka huohuo binti wa Ray Dove, akiwa amemaliza Chuo Kikuu cha Miami cha Ohio kwa daraja la juu kabisa, alipanda ndege kwenda Tübingen, Ujerumani, kwa ufadhili wa Fulbright, akasome fasihi ya Kijerumani. Lugha hiyo alikuwa ameipenda tangu shuleni. Wenzake wakitafuta majina ya Kiafrika, yeye alikuwa akimsoma mshairi Rilke. Kwa jicho la vuguvugu, huo ulikuwa usaliti, au kwa uchache ni upotevu wa muda.

Jibu lake lipo katika diwani yake ya kwanza, The Yellow House on the Corner, iliyotoka mwaka 1980. Ndani yake mna shairi la ndoto ambamo msimulizi anakutana na Don L. Lee, na nabii huyo wa vuguvugu anaporomoka mbele ya macho yake, mwili ukimtoka kidogo kidogo. Ni shairi la ukatili, la kijana anayemsukuma kaka mkubwa mlangoni ili apite. Sidhani kwamba lilimtendea haki Haki. Hata hivyo diwani hiyohiyo ina mfululizo mzima wa mashairi kuhusu utumwa, na huko hapigi kelele. Anakaa na mtu mmoja mmoja, katika saa moja ya maisha yake. Hakuikimbia historia ya watu wake. Aligoma tu kuipokea ikiwa imekwisha kukatwa na kushonwa na mtu mwingine. Kati ya nguzo saba za Karenga, hiyo ya pili ndiyo aliyoishika kwa neno lake lenyewe: alijichagulia.

Nasi tusijifanye wageni wa ugomvi wa namna hii. Mwaka 1974 ndipo ilipotoka Kichomi ya Euphrase Kezilahabi, diwani ya mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na wazee wa ushairi wetu wakauliza kama hayo ni mashairi au ni ngonjera za mlevi. Kule Marekani swali lilikuwa mshairi aimbe nini, huku kwetu lilikuwa aimbe vipi. Lakini aliyeulizwa, kote kuwili, alikuwa kijana aliyeonekana hajaomba ruhusa.

Kutoka Ujerumani alikwenda Chuo Kikuu cha Iowa, kwenye warsha mashuhuri ya waandishi, akahitimu mwaka 1977. Huko alikutana na Fred Viebahn, mwandishi kutoka Ujerumani. Walioana mwaka 1979, wakamzaa binti mmoja mwaka 1983. Kuanzia 1981 Dove alifundisha Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, jangwani.

Diwani ya pili, Museum, ilitoka mwaka 1983, na shairi lake la mwisho ndilo lililowafanya wengi wamtazame mara ya pili. Linahusu mauaji ya Oktoba 1937 katika Jamhuri ya Dominika, wakati askari wa dikteta Rafael Trujillo walipowaua Wahaiti, ambao katika shairi ni wakata miwa. Makadirio ya waliokufa yanatofautiana sana. Dove mwenyewe, katika maelezo yaliyoambatana na shairi, alitaja 20,000. Inasimuliwa kwamba askari waliwaonyesha watu jani la kiungo, lenye sura ya kotimiri, wakawataka walitaje kwa Kispanyola: perejil. Mhaiti, ambaye ulimi wake umelelewa na lugha yenye r laini ya kooni, hakuweza kuigonga r ile kwa ncha ya ulimi. Aliyekosea alichinjwa. Wapo wanahistoria wanaosema kipimo hicho kimetiwa chumvi, kwamba askari waliwatambua watu kwa njia nyingine pia, lakini jani limebaki katika kumbukumbu na halitatoka.

Mzungumzaji wa Kiswahili hawezi kulisoma jambo hilo akabaki ametulia. Sisi tunacheka mtu akisema anakwenda kupiga kula badala ya kupiga kura. Tunacheka, mwenye ulimi huo anacheka nasi au ananuna, na siku inaendelea. Umbali kati ya kicheko hicho na panga ni mdogo kuliko tunavyopenda kuamini. Ndipo Dove alipofanya jambo ambalo mshairi wa silaha asingelifanya. Nusu ya kwanza ya shairi aliwapa wakata miwa, na nusu ya pili akaingia ndani ya kasri, ndani ya kichwa cha Trujillo mwenyewe. Tunamkuta dikteta akiomboleza kifo cha mama yake, akimlisha kasuku vitafunio. Muuaji ana mapenzi, ana huzuni, ana kipaji cha kubuni, na ni kwa kipaji hichohicho anabuni namna ya kuua. Ukimaliza kusoma huna pa kumtupia lawama ukanawa mikono, kwani umekwisha kumwelewa.

Kisha mwaka 1986, Thomas and Beulah.

Kitabu hiki ndicho kinachonifanya nimwandikie makala nzima, basi msomaji anivumilie nikae nacho. Kina mashairi 44, na kinasimulia maisha ya babu na bibi yake wa upande wa mama. Kati ya miaka ya 1910 na 1970 Wamarekani Weusi wapatao milioni sita waliyaacha majimbo ya Kusini, wakikimbia unyongaji, ukulima wa nusu kwa nusu na sheria za ubaguzi, wakaenda kutafuta kazi katika viwanda vya Kaskazini. Vitabu vya historia huwaita wimbi. Dove alichota watu wawili kutoka kwenye wimbi hilo, akawaweka mezani.

Thomas anatoka Tennessee akiwa kijana, anafanya kazi kwenye meli za mtoni pamoja na rafiki yake Lem. Thomas anapiga mandolini, Lem anaimba. Usiku mmoja wa ulevi na ubishi Lem anaruka majini kuogelea hadi kisiwani, harudi. Thomas anafika Akron mwaka 1921 akiwa na chombo cha muziki na deni lisilolipika. Anaoa mwaka 1924, anaingia kiwandani, anapata mabinti wanne bila mtoto wa kiume, anakuwa mwimbaji wa kanisa, anakufa mwaka 1963. Nusu ya kwanza ya kitabu, mashairi 23, ni yake. Nusu ya pili, mashairi 21, ni ya Beulah, na tunayarudia maisha yaleyale kwa macho ya mke.

Hapo ndipo ufundi ulipo. Msomaji aliyemlilia Lem kurasa thelathini anafika upande wa Beulah na kukuta Lem karibu hayupo. Mke hakuwahi kuliona lile kaburi la maji ambalo mume alilala nalo kitanda kimoja miaka karibu 40. Naye Thomas hakujua kwamba mkewe alikuwa akiota Paris jikoni, wala kwamba mchana, watoto wakilala, alikuwa akibeba kiti hadi nyuma ya gereji akakaa peke yake, hafanyi kitu, mpaka aitwe. Hawakuwa na ndoa mbaya. Walikuwa na ndoa tu. Methali yetu kwamba mwenye nyumba ndiye ajuaye inapovuja inaonekana fupi mbele ya kitabu hiki, maana hapa wenye nyumba ni wawili na kila mmoja anajua tundu lake.

Jina la bibi halikuwa Beulah. Aliitwa Georgianna. Mjukuu alilibadilisha kwa sababu za sauti, jina la kweli lilikuwa refu, halikukaa ndani ya mstari. Kila mtu aliyewahi kuhesabu mizani atalielewa hilo, na huenda ndicho kitu pekee ambacho mtunzi wa utenzi wa Lamu na mtunzi wa mashairi huru wa Arizona wangekubaliana bila kubishana. Mwishoni mwa kitabu ameweka jedwali la miaka. Kuzaliwa na kuoana kumepangwa humo sambamba na ujenzi wa banda la ndege-puto la Goodyear mwaka 1929 na maandamano ya Washington ya 1963, bila kusema kipi ni kikubwa kuliko kipi. Nimewahi kuwaonyesha jedwali hilo watu wanaoandika historia za koo zao. Wengi wao huwa na tarehe za machifu na vita, hawana mwaka ambao bibi alinunua cherehani.

Mwaka 1987 kitabu hicho kilipata Tuzo ya Pulitzer ya ushairi. Dove alikuwa na miaka 34. Mweusi mmoja tu alikuwa ameipata kabla yake, Gwendolyn Brooks wa Chicago, mwaka 1950. Miaka 37 katikati. Brooks huyo ndiye aliyewalea vijana wa Third World Press na kuwapa miswada yake akiwaacha wachapishaji wakubwa. Hivyo ukoo wa ushairi mweusi haukugawanyika vipande viwili kama inavyosimuliwa. Mama mmoja alikuwa na watoto wa tabia mbalimbali.

Mwaka 1989 alihamia Chuo Kikuu cha Virginia, mjini Charlottesville, na huko ndiko alikoweka makazi. Chuo hicho kilianzishwa na Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, aliyeandika kwamba binadamu wote wameumbwa sawa huku akimiliki mamia ya watumwa. Katika kitabu chake kuhusu Virginia, Jefferson alimtaja Phillis Wheatley, mtoto aliyetekwa Afrika Magharibi na kuuzwa Boston mwaka 1761, ambaye mwaka 1773 alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuchapisha kitabu cha mashairi. Jefferson alisema mashairi yake hayafikii hata hadhi ya kukosolewa. Karne mbili baadaye profesa wa ushairi katika chuo cha mzee huyo ni mwanamke mweusi. Na mwaka 1993 alipoteuliwa kuwa malenga wa taifa, ofisi aliyopewa ilikuwa juu kabisa katika jengo la Maktaba ya Bunge mjini Washington. Jengo hilo linaitwa Thomas Jefferson.

Cheo hicho kinahitaji maelezo. Tangu 1937 Maktaba ya Bunge ilikuwa na mshauri wa ushairi, na weusi wawili waliwahi kuishika nafasi hiyo, Robert Hayden na Brooks. Sheria ya mwaka 1985 ikaipandisha hadhi, na kuanzia 1986 mwenye nafasi akaitwa malenga wa taifa. Halipwi kwa kodi ya mwananchi. Mshahara unatokana na wakfu wa tajiri mmoja, Archer Huntington. Huku kwetu malenga hutawazwa na wasikilizaji na hulipwa kwa kanga na vigelegele, wakati mwingine hata hizo hazipatikani. Dove alikuwa mweusi wa kwanza kukikalia kiti chini ya jina jipya na, akiwa na miaka 40, mdogo kuliko wote waliomtangulia kwa jina hilo. Wengi kabla yake walikitumia kama kiti cha heshima cha kupumzikia. Yeye alikifanya kibarua. Aliwaleta watoto wa kabila la Wakrow kusoma mashairi yao Maktabani, akachanganya ushairi na jazi, akajitokeza kwenye vipindi vya watoto vya televisheni. Alikaa miaka miwili.

Oktoba 1993 sanamu ya shaba inayosimama juu ya kuba la Bunge la Marekani, iliyokuwa imeteremshwa kusafishwa, ilirudishwa mahali pake, na malenga akasoma shairi alilolitunga kwa ajili yake. Sanamu hiyo inaitwa Uhuru. Mmoja wa mafundi walioifanyia kazi ilipotengenezwa alikuwa mtumwa, Philip Reid, ambaye ndiye aliyegundua jinsi ya kulitenganisha umbo lake la plasta ili lifike kwenye tanuri. Reid aliachwa huru Aprili 1862, na Uhuru akapandishwa juu ya kuba Desemba 1863. Katika shairi Dove alimfanya bibi huyo wa shaba afanane na mwanamke fukara wa mjini, yule ambaye wapita njia hugeuza macho wasimwone. Wabunge walipiga makofi. Sijui kama wote walikuwa wamesikia vizuri.

Baada ya hapo vitabu vinafuatana, na si vyote vya uzito mmoja. Riwaya yake ya 1992 ilikuwa imepita kimya kimya, na haki yake. Mother Love ya 1995 ni soneti za kisa cha Kigiriki cha Demeta na binti yake aliyetekwa akapelekwa kuzimu. Aliyelelewa na Utendi wa Mwana Kupona, ambamo mwaka 1858 mama mgonjwa anamuusia bintiye adabu za kuishi na mume, atashangaa kukutana na mama asiyekuwa na wosia wowote, ana hasira tu na mlango uliofungwa. Tamthilia yake, The Darker Face of the Earth, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Oregon mwaka 1996, inamchukua Edipo, yule ambaye Samuel Mushi alimleta kwetu kwa jina la Mfalme Edipode, na kumweka kwenye shamba la watumwa la South Carolina. Mtumwa kijana mwenye elimu ananunuliwa na bibi wa shamba, hajui kwamba ndiye mama yake. Nilipoisoma niliona kwamba laana ya miungu haikuhitajika tena. Utumwa wenyewe, uliouza watoto bila kuandika mama zao, ulitosha kuwa laana.

Kati ya vitabu vya baadaye kikubwa ni Sonata Mulattica cha mwaka 2009. Dove, mpiga sello wa utotoni, aliona katika filamu kuhusu Beethoven mpiga fidla mweusi akipita kwa dakika chache, akaanza kumtafuta. Ni George Bridgetower, aliyezaliwa Poland, baba yake mwenye asili ya Kiafrika aliyejitangaza kuwa mwana wa mfalme. Mtoto alikuwa ajabu ya Ulaya akiwa na miaka kama 10. Tarehe 24 Mei 1803, mjini Vienna, yeye na Beethoven walipiga kwa mara ya kwanza sonata ambayo Beethoven alikuwa amemtungia, wino wake ukiwa haujakauka vizuri. Kisha wakagombana, inasemekana kwa ajili ya mwanamke, na Beethoven akalifuta jina lake na kuiandika sonata kwa Rodolphe Kreutzer, ambaye hakuwahi kuipiga hadharani. Dunia inaijua kama Sonata ya Kreutzer, Tolstoy akaandika hadithi kwa jina hilo, na Bridgetower akafa London mwaka 1860, amesahauliwa. Dove alimrudishia kitabu cha zaidi ya kurasa 200. Wale waliomwuliza zamani ana haja gani na Ujerumani walipata jibu, ingawa lilichelewa miaka 35.

Vuguvugu nalo lilirudi kumbisha hodi, kwa mlango ambao hakuutarajia. Mwaka 2011 alihariri kwa shirika la Penguin mkusanyo wa ushairi wa Marekani wa karne ya 20, wenye washairi wapatao 175. Sylvia Plath na Allen Ginsberg hawamo, kwa sababu ada za ruhusa zilizidi mfuko. Helen Vendler wa Harvard, mhakiki mwenye sauti kubwa kuliko wote na ambaye zamani aliwahi kumsifu Dove kwa kirefu, aliandika kwamba majina ni mengi mno na kwamba utambulisho umetangulia ubora. Katika mashtaka yake alimtaja Amiri Baraka na nafasi aliyopewa. Dove alijibu kwa barua ndefu, isiyo na unyenyekevu hata chembe. Ajabu ya mambo: binti aliyeshutumiwa kwa kutosimama na washairi wa silaha sasa alishutumiwa, akiwa na miaka 59, kwa kuwafungulia mlango. Nadhani Vendler alikuwa na hoja kuhusu wingi wa majina. Kuhusu sababu ya wingi huo alikosea, na lilikuwa kosa la mtu ambaye hajawahi kuulizwa kitambulisho getini.

Turudi nyuma kidogo. Septemba 1998 radi iliipiga nyumba ya Dove na Viebahn ikaungua. Katika miezi ya kujikusanya upya majirani waliwaalika kwenye dansi, wale wawili wakanogewa, wakaanza kujifunza kwa bidii: foksitroti, tango, rumba, waltsi. Matokeo yake ni diwani ya 2004, American Smooth, iliyopewa jina la mtindo wa dansi ambamo wachezaji huachiana mikono na kila mmoja akacheza kivyake kabla ya kushikana tena. Wahakiki waliipokea kama kazi ya mapumziko. Malenga mstaafu anacheza, waliandika kwa maana hiyo, na mimi nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani vivyo hivyo.

Mwaka 2021, katika diwani ya Playlist for the Apocalypse, alieleza kwamba ana ugonjwa unaokula ganda la mishipa ya fahamu katika ubongo na uti wa mgongo, ugonjwa ambao huvuruga mikono, hatua na mizani ya mwili. Alikuwa ameufunika kimya kwa zaidi ya miaka 20. Madaktari walimwambia mwaka 1997, mwaka mmoja kabla ya radi, kabla hajajifunza hatua ya kwanza ya tango.